Ukuta Usiokuhusu: Mwongozo wa Kuiona Tanzania Mbali na Hoteli za Ufukweni

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na sensa ya 2022 ilikuwa imehesabu wakazi wasiofika milioni mbili. Wageni hao hawakutawanyika visiwani kote. Wengi walilundikana kwenye vipande vichache vya mchanga: Nungwi na Kendwa kaskazini mwa Unguja, Kiwengwa upande wa mashariki, Paje na Jambiani kusini mashariki. Ukifika Nungwi mwezi wa Agosti au wiki ya Krismasi utakuta hoteli imepakana na hoteli na bei za vyumba zimepaa. Mwongozo huu ni kwa msomaji anayezungumza Kiswahili, awe mfanyakazi wa Dodoma au Nairobi, mwalimu wa Bujumbura, au mtoto wa Pwani anayeishi Muscat au Toronto ambaye amedunduliza fedha za likizo mwaka mzima. Ninachotaka kumwambia ni kwamba akiimaliza likizo yake yote ndani ya hoteli ya ufukweni, analipia kitu asichokihitaji na kukiacha bure kitu alicho nacho tayari.

Tazama hoteli kubwa ya ufukweni inavyofanya kazi. Mgeni hupokewa uwanja wa ndege na gari la hoteli, hula milo mitatu palepale, na akitaka kutoka hupangiwa safari ya nusu siku yenye dereva, kiongozi na saa ya kurudi. Chakula hupikwa kisimshtue. Ua mrefu unamtenga na kijiji. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama, na gharama hiyo ina sababu ya maana, kwa kuwa mgeni aliyetoka Warsaw au Milan hawezi kuuliza njia, hawezi kupatana bei ya mkungu wa ndizi, wala hajui kama kijana anayemfuata anamsalimu au anataka kumlaghai. Hoteli humuuzia bahari, na humuuzia pia ukuta wa kumkinga na nchi asiyoielewa. Kwake ukuta huo ni huduma anayoihitaji kwelikweli. Kwako wewe unayejua kubisha hodi, kumwamkia mzee shikamoo na kumwambia kondakta akushushe penye mwembe, ni gharama isiyokuletea chochote. Bahari ya Unguja ni nzuri na sina neno dhidi yake. Neno langu ni juu ya ukuta.

Anza kusini, kwa sababu huko ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Mabasi ya kusini hupitia Mbagala, yakavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mto ulivukwa kwa kivuko, na watu wa Lindi na Mtwara wanaikumbuka foleni yake. Kilwa Masoko ni mji mdogo wa utawala wenye nyumba za wageni za bei nafuu na ufukwe wake wa Jimbiza, kwa hiyo anayetaka kuogelea hatanyimwa. Lakini kilichokupeleka kiko ng'ambo ya mlango wa bahari. Kilwa Kisiwani, pamoja na kisiwa cha Songo Mnara, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, ikatajwa kuwa hatarini mwaka 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zikimomonyoka, na ikaondolewa kwenye hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Huu ndio mji ulioshika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba, na kumpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, naye akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Wareno waliupora mwaka 1505. Sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo hakuna anayejua kwa yakini ni chombo gani kilizifikisha huko.

Watalii wengi hukaa Kisiwani saa mbili, wakapiga picha za matao ya Msikiti Mkuu na kurudi botini. Wewe una njia nyingine. Ukisimama ndani ya msikiti huo utaona majengo mawili yaliyounganishwa: sehemu ya kaskazini iliyo ndogo na kongwe zaidi, ambayo paa lake lilikuwa bapa, na upanuzi wa baadaye uliobeba kuba na matao. Maneno ya ujenzi huo ni maneno yako: boriti, chokaa, matumbawe, mihrabu, kuba, kiambaza, ukumbi. Fundi wa pwani wa leo bado anayatumia, na boriti bado hukatwa kwenye mikoko ileile iliyowahi kusafirishwa hadi Ghuba kujengea nyumba za watu wasio na miti. Mwongoza wageni mzawa anapokueleza kwa Kiswahili jinsi ukuta ulivyonyanyuliwa, hatafuti neno la kukupunguzia maana. Mwombe akupeleke Husuni Kubwa, jumba la sultani wa karne ya 14 lililojengwa juu ya mwamba likiwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane lililo wazi kwa anga. Kisha uliza kuhusu visima, uliza nani anamiliki mashamba yaliyo katikati ya magofu, uliza watoto wanasoma wapi. Kisiwani ni kijiji kinachoishi, na nusu ya thamani ya safari iko kwenye majibu ya maswali hayo.

Kiutendaji, kibali cha kuvuka hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo, na hapohapo utapewa mwongoza wageni. Kuna mashua za tanga na boti za mashine. Tanga ni rahisi zaidi, boti ni haraka zaidi. Tenga asubuhi nzima kwa ajili ya Kisiwani, na siku nyingine kamili kwa Songo Mnara, ambako ni mbali zaidi na huenda ukashuka majini na kutembea kando ya mikoko, hivyo chukua kandambili, kofia na maji ya kutosha. Siku ya tatu nenda Kilwa Kivinje kwa daladala. Mji huu ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, kisha kituo cha utawala wa Wajerumani, na una mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa wakati wa vita vya Majimaji. Milango ya nakshi inaoza juu ya nyumba zisizo na paa. Inahuzunisha, na ni vizuri kuhuzunika nayo ukiwa umesimama pale. Ukiwa na siku za ziada endelea hadi Lindi na Mikindani. Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, usiende ukitarajia kuona mifupa ya mijusi wa kale: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliichimba na kuipeleka kwao, na kiunzi kikubwa zaidi, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama katika jumba la makumbusho jijini Berlin.

Milima ya Usambara inajaribu hoja yangu kwa namna nyingine, maana huko hakuna bahari kabisa. Basi kutoka Dar es Salaam au Arusha litakushusha Mombo, na kutoka hapo barabara ya lami yenye kona nyingi hupanda kilomita thelathini na kitu hadi Lushoto, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal na wakakimbilia huko joto la pwani lilipowashinda. Hewa ya baridi waliyoifuata ipo bado. Juni na Julai utahitaji sweta na blanketi zito, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam husahau kila mara. Ukitembea hadi Irente utafika ukingo ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa, barabara kuu ikiwa kama uzi. Msitu wa Magamba uko karibu, na kijiji cha Mtae, upande wa kaskazini, kinatazama nyika za Mkomazi. Upande wa mashariki, Amani, kuna kituo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ni katika milima hii ndipo lilipochukuliwa ua dogo la zambarau ambalo sasa limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya nzima, likiwa limepewa jina la ofisa wa kikoloni Saint Paul.

Lakini mandhari peke yake mtu yeyote anaweza kuyaona. Kinachokupa wewe nafasi ya pekee Usambara ni kwamba nchi hii ina historia yake iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeijua: *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kinachosimulia jinsi mwindaji Mbega alivyotoka Ungulu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa ukarimu, hadi watu wa milimani wakamfanya mfalme na ukoo wake ukatawala kutoka Vuga. Kisome kabla hujasafiri. Ukifika Vuga ukamkuta mzee aliye tayari kuzungumza, hutaanza na maswali ya mgeni asiyejua kitu. Utaanza na jina la Mbega, naye atakusahihisha, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza. Siku ya gulio uende sokoni mapema, uone karoti, kabichi, viazi na mapeasi yakipakiwa kwenye malori yanayoteremka kwenda Dar es Salaam. Kabichi unayoila mjini ina uwezekano mkubwa wa kuwa ilianzia kwenye matuta hayo.

Bara zaidi nitapita haraka. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, hukufikisha Dodoma kwa takriban saa nne, safari ambayo kwa basi humaliza siku. Kutoka Dodoma chukua basi la kuelekea Babati, ushuke Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, imetapakaa kwenye mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150, na katika baadhi yake wenyeji bado hufanya matambiko ya mvua na uponyaji. Ofisi iko Kolo na kiongozi ni lazima. Kupanda ni kugumu, hivyo nenda asubuhi. Iringa nayo inastahili siku tatu: Isimila yenye zana za mawe na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, halafu Kalenga, lilikokuwa boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa alipokufa mwaka 1898 fuvu lake lilichukuliwa, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Limo Kalenga, ndani ya jengo dogo ambalo magari mengi ya watalii wanaoelekea hifadhi ya Ruaha hulipita bila kusimama. Kwa maoni yangu hakuna kitu kimoja nchini kinachoeleza ukoloni kwa ufupi zaidi ya kile.

Msomaji makini atasema: Kiswahili si lugha ya nyumbani ya Msambaa, Mhehe wala Mrangi wa Kondoa, kwa hiyo nawe utakuwa mgeni tu. Ni kweli, na ni vizuri kulikumbuka. Ukiingia Iringa ukasema kamwene utaona nyuso zikifunguka kwa namna ambayo habari za asubuhi haizifungui, na kila mahali ni heshima kujifunza salamu ya wenyeji kabla ya kitu kingine. Ila kuna tofauti kubwa kati ya watu wawili wanaokutana kwenye lugha wanayoijua wote na watu wawili wanaomtegemea mkalimani anayelipwa na mmoja wao. Mzee wa Kalenga akizungumza Kiswahili anakuchagulia mwenyewe la kukuambia na la kukuficha. Anapotafsiriwa, uchaguzi huo unafanywa na mtu mwingine, ambaye mara nyingi amekwisha kujua watalii wanapenda kusikia nini.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la uchovu. Likizo ni ya kupumzika, na kukaa ndani ya basi siku nzima na watoto si kupumzika. Nalikubali, na ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua mkoa mmoja na kukaa hapo. Anayetaka Kilwa, Lushoto, Kondoa na Iringa ndani ya siku kumi atarudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na atakuwa ameona stendi nyingi. Siku mbili za kusafiri na siku tano au sita za kutulia ni mgawanyo unaobebeka. Siku ya kwanza usifanye lolote zaidi ya kutembea mtaani na kula. Kwa mama lishe utapata samaki wa nazi pwani na ugali kwa mboga za majani au maharage milimani, na hapohapo utajua gulio ni lini, boti inaondoka saa ngapi na nani anaaminika kukutembeza. Habari hizo hoteli ya ufukweni hukutoza; kwa mama lishe zinakuja na sahani.

Kuna suala la usalama na majira, na hapa sitaki kumlegezea mtu maneno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kwenda kusini: mvua na kimbunga cha Hidaya mwaka 2024 vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa na kuwaacha abiria wamekwama njiani. Bahari ya Kilwa huchafuka upepo wa kusi ukiwa mkali, na hutulia zaidi kati ya Septemba na Novemba. Ukanda wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, unahitaji tahadhari tangu mapigano ya Cabo Delgado yalipoanza mwaka 2017; ukitaka kwenda zaidi ya Mtwara mjini, uliza kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya. Malaria ipo pwani na nyanda za chini, basi hakikisha chumba kina chandarua kabla ya kulipa. Beba fedha taslimu za kutosha siku mbili. Wakala wa simu yupo karibu kila kituo, ila salio lake huisha. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki asiache kitambulisho, maana kwenye hifadhi na mambo ya kale kiingilio chake ni sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa mbali.

Wako watakaosema kwamba ukizikwepa hoteli kubwa unawanyima kazi vijana wa Unguja. Hoteli hizo zimeajiri wapishi, walinzi na madereva wengi, na nisingependa kuona hata mmoja akipoteza mshahara. Lakini kwa wageni laki saba na zaidi, likizo yako moja haitaonekana Nungwi. Kilwa Masoko, fedha unazomlipa mwenye gesti, nahodha wa mashua, mwongoza wageni na muuza pweza zinaingia mikononi mwa watu wanne walioko pale, siku hiyohiyo. Hofu ya upande wa pili, kwamba wageni wakizidi wataharibu sehemu hizi kama walivyojaza fukwe, ninaiheshimu zaidi. Dawa yake ni mwenendo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na kwenye pango la matambiko usipige kabisa ukikatazwa. Vaa kwa staha kwenye miji ya Waislamu, hata ukiwa unatoka kuogelea. Kama unataka kulala kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji. Usiokote kigae cha chungu wala sarafu kwenye magofu. Kila kipande kinachoondoka na mgeni ni ukurasa usiorudi.

Watoto watalalamika kwamba hakuna bwawa la kuogelea. Wape kazi: mmoja awe wa kuuliza njia, mwingine aandike majina ya vyakula ambavyo hajawahi kuvila. Mtoto wa Toronto ambaye Kiswahili chake kimekuwa cha kumjibu bibi kwenye simu atakihitaji Lushoto kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna darasa la Jumamosi litakalomfanyia hivyo.

Ikiwa likizo yako inaangukia Juni, panda Usambara na sweta. Ikiwa ni Oktoba, nenda Kilwa. Kabla hujalipia chumba cha Nungwi mwaka huu, ulizia nauli ya basi la Kilwa na bei ya gesti moja ya Masoko, uzidishe kwa siku saba, uweke hesabu hizo mbili mezani, kisha uamue.